Lipa, Shika, Funga Macho

Kila safari ya Dubai hubakiwa na siku moja isiyo na kazi. Mzigo wa Deira umeshapimwa na uko kwa wakala, ndege ya kurudi Dar es Salaam au Nairobi ni kesho usiku, fedha ya bidhaa imekwisha, na iliyobaki ni ile uliyoificha usije ukainunulia bidhaa. Hapo ndipo mwenyeji wako anapokuuliza, "Utarudije nyumbani hujapanda boti?" Hafafanui boti ipi. Ana maana ya zile boti za kasi zinazoondoka Dubai Marina, zikaenda hadi Palm Jumeirah, zikasimama kidogo mbele ya Burj Al Arab, kisha zikakurudisha ulikopandia, yote hayo ndani ya dakika 60 au 90. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyekubali kabla ya kuuliza bei.

Anza kwa kuchagua saa, na usijisumbue kutafuta saa nzuri kwa sababu haipo. Pwani ya Dubai imeelekea kaskazini-magharibi. Asubuhi bahari imetulia, lakini jua linachomoza nyuma ya mji, kwa hiyo ukiwa majini majumba yote yanakuwa meusi, na shangazi yako wa Morogoro akiziona picha atauliza hiyo minara ni ya simu au ya umeme. Alasiri jua limehamia upande wa bahari na kuyapiga majumba usoni, yanang'aa vizuri kabisa, lakini upepo wa baharini umeshaamka, na mawimbi nayo. Yaani ukienda asubuhi mgongo utasalimika na picha zitaharibika. Ukienda jioni picha zitatoka na mgongo utajijua wenyewe. Wengi huchagua jioni. Mgongo haupostiwi.

Upo pia upepo uitwao shamal, unaotoka kaskazini-magharibi na kuichafua bahari kwa siku kadhaa mfululizo. Ukivuma, safari huahirishwa. Ndipo utakapoisoma tikiti vizuri kwa mara ya kwanza na kukuta hairejeshewi fedha, inapangiwa siku nyingine, na siku hiyo nyingine wewe utakuwa Kariakoo unafungua mzigo. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, na chuma cha kushikia kwenye boti kinakuwa kimeota jua tangu asubuhi. Atakayekuambia kwamba upepo wa baharini utakupoza, muulize kama naye anapanda.

Sasa tikiti. Kando ya maji pale Marina kuna vibanda na kuna vijana wenye vipeperushi, na wote wana macho ya kutambua mtu katoka wapi kwa kutazama viatu vyake tu. Utaitwa kwa Kirusi, kwa Kihindi, kwa Kiarabu. Kama umevaa kitenge au kofia ya kiua utaitwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Muuzaji asiyejua lugha yako anataka fedha yako tu. Anayeijua anataka fedha yako na shukrani juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe huku nako tupo?"

"Tupo mama, mimi wa Tanga. Mama ulikuwa unataka boti? Usiende kwa wale, wale watakupiga. Wewe nakufanyia bei ya nyumbani."

Bei ya nyumbani hupatikana hivi: huchukuliwa bei ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuilipa, ikakatwa mbele ya macho yako mpaka ikafikia ile iliyoandikwa ubaoni nyuma ya mgongo wa kijana. Usimwone mbaya. Analipwa kwa kila kichwa anachokileta, na Tanga ana mama yake anayemsubiri mwisho wa mwezi. Shida ni moja tu: mtu akishakuamkia shikamoo nawe ukaitikia marahaba, umekwisha. Huwezi tena kumwambia mwanao kwamba bei yake ni ya wizi. Kwa hiyo anayetaka kupatana, na apatane kwanza, salamu aitikie baadaye. Atahesabika hana adabu, lakini atabaki na nauli ya teksi.

Ukiambiwa kwamba bei imepanda tangu jana kwa sababu ya dola, fahamu kwamba dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, dirham 3.6725 kwa dola moja, na haijasogea hata nukta. Ukiambiwa kwamba bado kuna kodi, ni kweli ipo, asilimia 5, ilianza Januari 2018, ila bei anayotangaziwa mteja inatakiwa iwe nayo ndani tayari. Yaseme hayo mawili kwa upole, huku ukitabasamu. Hayatapunguza bei, ila kijana wa Tanga ataanza kukuita mwalimu.

Baada ya kulipa utaletewa karatasi ya kusaini, imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zile za kwenye chupa ya dawa. Kiini chake ni kwamba ukivunjika, umevunjika kwa hiari yako. Kisha maswali: je, ni mjamzito, una ugonjwa wa moyo, umewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo, mgongo unakusumbua? Hapa hutokea uponyaji ambao mikutano ya injili haijauona. Mama aliyeshindwa jana kupanda ngazi za hoteli kule Naif, aliyekuwa akisimama kila baada ya duka la tatu akishika kiuno, anaweka alama ya "hapana" mara nne bila kusita. Ameshalipa. Kwa kweli hili ndilo swali pekee katika safari nzima linalostahili jibu la kweli, na wanaouliza hawafanyi mzaha. Boti ya namna hii ikiruka wimbi moja na kulipiga la pili, uti wa mgongo ndio unaopokea salamu zote. Kama unao mgongo wa kubeba mizigo, kunywa kahawa pale kando ya maji uwatazame wenzako wakiondoka. Kahawa nayo ni ghali, ila haikurushi.

Boti yenyewe ina sakafu ngumu na kingo za mpira uliojazwa upepo, na viti vyake vingi havikaliwi bali hupandwa, miguu huku na huku kama kwenye bodaboda, mbele yako chuma cha kushikia. Waliobuni viti hivyo hawakuwahi kumwona mtu mwenye buibui. Utaelekezwa kwa ishara, na wote mtajifanya mnatazama kwingine mpaka mama amalize kujipanga. Vaa suruali ndani. Viatu vyenye visigino utavuliwa gatini. Jaketi la kujiokolea ni lazima kuvaa, na mhudumu atakukaza mikanda mpaka ukumbuke chakula ulichokula. Usibishane naye, na wala usilifungue kwa ajili ya picha. Hata wewe uliyezaliwa Kojani ukavuka bahari kwa dau kabla hujajua kusoma, utavaa.

Kuhusu nywele, mwongozo huu unasema wazi yale ambayo mashirika ya boti huyasema kwa kufumba. Mtandio uliotundikwa kwa pini moja utaondoka, na utaondoka mzima. Wigi halitoki palepale. Kwanza hunyanyuka kwa mbele, kidole kimoja, upepo ukapata pa kuingilia. Mwenyewe anakuwa na mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye simu, na ana nusu sekunde ya kuamua kati ya roho yake, simu yake na kichwa chake. Wengi huokoa simu. Nyuma yake ameketi abiria ambaye hakuja Dubai kupokea wigi la mtu usoni kwa mwendo wa boti ya kasi, na huyo ndiye atakayepiga kelele, hata mwenye nywele zake apate wa kumlaumu. Wakati mwingine linapokelewa, likarudishwa mkono kwa mkono, kila abiria akilipitisha bila kulitazama.

Swali la kukaa wapi lilijibiwa zamani na manahodha wa pwani yetu. Omo hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo. Anayekaa hapo huruka zaidi, akarudi kitini kwa nguvu zaidi, ila ndiye anayeonekana vizuri kwenye video. Tezi imetulia, lakini maji yote yanayorushwa na kingo hutua huko, pamoja na moshi wa injini na sauti yake. Vijana wataking'ang'ania cha mbele. Waachie. Mwenye umri wake na akae nyuma, alowe kwa heshima.

Sasa mnaondoka, na mtashangaa: boti haikimbii. Ndani ya Marina mwendo ni wa kujikokota kwa sheria, mawimbi yasije yakayagonga mashua ya matajiri yaliyofungwa pande zote mbili. Mwongozaji huutumia muda huu kusema kila anachokijua, kwa sababu nje hatasikika. Marina yenyewe, atakuambia, ni mfereji uliochimbwa, kilomita tatu hivi, bahari ikakaribishwa ndani ya jangwa. Ni kweli. Lile jengo lililojinyonga kiunoni ni Cayan, mita 306, limezunguka nyuzi 90 kutoka chini hadi juu, lilifunguliwa mwaka 2013. Hatakuambia kwamba mwaka 2007, wakati wa kuchimba msingi wake, ukuta wa Marina ulipasuka na bahari ile iliyokaribishwa ikaingia shimoni bila kukaribishwa. Atakuonyesha Princess Tower, mita 414. Jengo liitwalo Torch utalipita kimya. Liliungua mwaka 2015, likaungua tena 2017, mara zote mbili watu wakatoka salama, na wauza tikiti hawaoni faida ya kulitaja.

Mkipita chini ya daraja la mwisho, nahodha atageuka na kuuliza kama mko tayari. Hilo si swali. Chomeka simu ndani ya nguo.

Kuanzia hapo hutaona kitu. Ndiyo siri ya biashara hii: matembezi ya kutazama mji yanafanywa kwa chombo kinachomfumba abiria macho. Kwa kasi ile upepo unaleta machozi, machozi yanachanganyika na chumvi, na anayethubutu kufumbua jicho moja anaona mgongo wa mtu wa mbele yake ukipanda na kushuka. Upande mmoja unapita ufuo wa JBR na hoteli zake, upande mwingine kisiwa cha Bluewaters na lile gurudumu kubwa, Ain Dubai, urefu wa mita 250, karibu mara mbili ya lile la London. Lilifunguliwa Oktoba 2021, likafungwa Machi 2022, likakaa zaidi ya miaka miwili bila kuzunguka, likarudi kazini kimyakimya Desemba 2024. Wakati wote huo boti ziliendelea kulionyesha, na sijasikia abiria aliyelalamika kwamba halizunguki. Nani alikuwa amefumbua macho?

Boti huanza kuonyesha vitu pale inaposimama, na inaposimama ndipo tumbo linapoamka. Watu wa bara hudhani kichefuchefu huletwa na kasi. Chombo kinachokimbia hukata mawimbi. Kilichozima injini hubembelezwa nayo, kulia, kushoto, mbele kidogo, na harufu ya mafuta inakuja yenyewe. Nani huanza kutapika? Mtu wa pwani. Mtu wa Dodoma amekunywa kidonge nusu saa kabla, amekula tosti kavu, ametulia ameukazia macho upeo wa bahari kama alivyoelekezwa. Mtu wa Mombasa ameshamweleza kila mtu gatini kwamba bahari ni ya babu yake, na amekula biriani ya mbuzi Deira, sahani na nusu. Wahudumu huwajua watu hawa kwa mbali, na humkalisha kila mmoja wao upande upepo unakoelekea.

Kituo cha kwanza ni Palm Jumeirah, na hapa mwongozo lazima uwe mkweli kumshinda mwongozaji. Kile kisiwa cha umbo la mtende ni kazi ya ajabu, wala sitanii. Ujenzi ulianza mwaka 2001. Meli zilinyonya mchanga kutoka sakafu ya Ghuba zikaurusha hewani kwa mkondo mrefu uliopinda, na zikaelekezwa na setilaiti pa kuudondosha. Kiasi cha mita za ujazo milioni 94 kwa jumla. Mchanga wa jangwani, unaolizunguka jiji zima na hauna mwenyewe, haukufaa, maana upepo umeuviringisha mpaka umekuwa laini mno na haushikamani. Kwa nje wakazungusha ukuta wa mawe wa kilomita 11 kuyazuia mawimbi. Ukuta ukayazuia vizuri kupita kiasi, maji ya ndani yakaanza kuvunda, ikabidi ukatwe mapengo ili bahari ipumue.

Yote hayo ni kweli, na hutayaona hata moja. Mtende ule ulichorwa utazamwe na ndege. Ukiwa juu ya boti, umekaa kimo cha nusu mita kutoka majini, Palm Jumeirah ni rundo la mawe upande mmoja, na upande mwingine ni nyuma ya nyumba za watu: kamba ya nguo, mwavuli uliofungwa, mfanyakazi anafagia. Mwongozaji atasema, "Sasa tuko kwenye kuti la mtende," na abiria wote watatikisa vichwa na kupiga picha za mawe. Anayetaka kuuona mtende ataupata ghorofa ya 52 ya Palm Tower, mita 240 juu, kwenye jukwaa la kutazamia, nalo lina tikiti yake na kijana wake mwenye kipeperushi. Au aombe kiti cha dirishani siku ya kuondoka. Baadhi ya ndege hupita pembeni yake na hazitozi chochote.

Mbele ya Atlantis, ile hoteli ya rangi ya waridi yenye tundu katikati iliyofunguliwa mwaka 2008, mtapewa dakika chache za picha, na mtashuhudia demokrasia ikifa. Boti ina upande mmoja wenye mandhari. Abiria wote wanautaka. Nahodha anakataza kusimama wote upande mmoja, kwa sababu anazo hesabu zake za uzito, lakini hakuna anayemsikiliza, mpaka ukingo unapozama kidogo na maji kuingia kwenye viatu. Kisha kila mtu anarudi kitini akiwa na picha ishirini za kisogo cha Mrusi. Hapa tahadhari ya kweli kidogo: sheria za Imarati ni kali kuhusu kupiga watu picha bila ridhaa yao na kuzisambaza. Kisogo hakikutii hatiani, ila familia ya watu iliyokaa kiti cha mbele, akina mama wamejifunika, usiwaelekezee simu. Na ukigombana na kampuni ya boti, usiwatumie matusi kwa WhatsApp. Huko matusi ya kwenye simu ni kesi, yana faini, na huenda ndege yako ikaondoka bila wewe.

Burj Al Arab ni kituo kinachostahili fedha, nakiri. Umejengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa, mita 280 kutoka ufukweni, umbo la tanga lililojaa upepo, mita 321, na ulifunguliwa Desemba 1999. Kwa nchi kavu utauona ukiwa umesimama nje ya geti na mlinzi anakutazama. Kutoka baharini unauona mzima na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Mwongozaji atasema mchoraji wake, Mwingereza Tom Wright, alitaka ufanane na tanga la chombo cha Kiarabu. Msafiri wa mwambao ana haki ya kuinamisha kichwa na kulikagua tanga hilo kwa jicho la kwao. Tanga la jahazi letu lina pembe tatu na foromali yake imelala mshazari. Hili limesimama wima, limejaa upepo tangu mwaka 1999 na halijasogea hata pima moja. Sema "mashallah" na uliache.

Kuna jambo, hata hivyo, ambalo mwongozaji hulipita kwa kasi kwa sababu halimo kwenye karatasi yake. Vyombo ambavyo jengo lile linasemwa kuviigiza vilikuja kwetu kila mwaka kwa kaskazi, vikileta tende, chumvi na mazulia Lamu, Mombasa na Unguja, vikangoja upepo ugeuke, kisha vikarudi Ghuba na kusi vikiwa vimejaa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Ghuba haikuwa na miti ya kuezekea. Nyumba za zamani za Dubai zikapata dari zake kutoka kwetu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti: palipoishia mti wa Rufiji ndipo ukuta ulipojengwa. Lakini hayo yako katika mji mkongwe, mbali na boti hii, na wewe wakati huu unashughulika na kutafuta pembe ambayo haitaonyesha kwamba umelowa.

Maana umelowa. Mkirudi, tena kwa kasi, tena macho yamefungwa, utashuka gatini ukiwa na chumvi nyeupe kwenye nyusi na magoti yanayotaka kushauriana kwanza kabla ya kutembea. Mhudumu atasimama pale penye ngazi, mkono mmoja unakusaidia kupanda, mwingine umefunguka kidogo. Mpe bakshishi. Ndiye aliyekushikia ndoo.

Lakini hatari kubwa ya safari hii huanza jioni, ukiwa hotelini umelala kifudifudi, unapoziweka picha kwenye status. Ndani ya saa moja mjomba ameandika: "Mashallah, naona mambo yamenyooka. Nilitaka kukupigia kuhusu lile suala la ada." Binamu ambaye hamjaongea tangu msiba wa bibi anauliza simu aina ya iPhone huko zinauzwaje, hahitaji hata moja, anataka kujua tu. Mwenye nyumba ameangalia, hajasema kitu, na kimya chake ni kizito kuliko maneno. Mweka hazina wa kikoba, ambaye Jumatano ulimwambia mzigo umekwama na hela yote iko kwa wakala, ametuma alama moja ya mshangao. Mchumba wa zamani ameweka moyo. Hilo ni la kwako, mwongozo hauingilii. Wadai ndio abiria wa kweli wa boti hii: ulilipa wewe, ukarushwa wewe, walioona mandhari ni wao.

Kwa hiyo kabla ya kuposti, ingia kwenye mipangilio ya simu uchague nani aone na nani asione. Itakuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Wengine huchelewesha picha mwezi mzima, wakaziweka zikiwa na maneno "kumbukumbu", ili ionekane ni za safari ile ya zamani kabla mambo hayajawa magumu. Mbinu hii ilifanya kazi mpaka watu walipoanza kukuza picha na kuitambua ile fulana uliyoinunua wiki iliyopita.

Hukumu yangu kwa anayeuliza kama ni fedha ya kupoteza: kama una miaka chini ya 30, mgongo mzima, na hudaiwi, panda, utafurahi na utapiga kelele, na Burj Al Arab utauona vizuri. Kama una sifa mbili tu kati ya hizo tatu, fikiria. Kama una moja, au huna kabisa, chukua metro mpaka Bur Dubai, tembea mpaka Al Fahidi, ingia nyumba mojawapo ya zamani uangalie juu, uzihesabu boriti za kwenu darini. Kisha shuka mpaka kwenye Khor, ule mkono wa bahari, panapovukwa kwa abra kwenda Deira. Ni mashua ya mbao, iko wazi, ina benchi katikati, abiria wamekaa wamepeana migongo wakitazama maji, na watu wengi ndani yake wametoka kazini na hawapigi picha. Haikimbii, kwa hiyo unaona kila kitu, na wigi linabaki kichwani. Nauli ni dirham 1, inalipwa taslimu mkononi mwa nahodha. Nenda na sarafu. Noti ya 100 hana chenji yake.